Mke wa Simba wa Uvira

"Mke wako anaitwa nani?"

Télesphore aliacha kuvua koti. Ndiyo kwanza ametoka zamu kiwandani Downsview, amekuja nyumbani kwa mchumba wake, mtaani Parkdale, na hata salamu hajapewa.

"Mke gani tena, chérie? Si wewe, Jumamosi ikifika?"

"Usinichezee, Télesphore."

Jamani, Spéciose hakuwa mwanamke wa wivu wa ovyo. Alikuwa anasomea shahada ya uzamivu, na swali lake lilikuwa hili: wageni kutoka Kongo wanaishije na upweke wa Toronto? Badala ya kugonga milango ya watu, alikusanya maandishi waliyoyaacha zamani kwenye baraza moja la wazi mtandaoni, akayapanga kwa jina la kila mwandishi. Mchana huo akakutana na Simba wa Uvira. Jina hilo alilijua vizuri. Télesphore mwenyewe aliwahi kumwambia kwamba ndilo alilotumia barazani.

Akamgeuzia kompyuta. Mwaka 2008 Simba aliandika: "Mke wangu yuko kambi ya wakimbizi na mimba. Nikimkumbuka, chakula hakipiti kooni."

"Ndoa yetu imeshatangazwa kanisani," alisema Spéciose, sauti ikimkatika. "Mama yangu ameshashona kitenge cha harusi. Kumbe una mke na mtoto?"

Télesphore alisoma, akaketi, akaanza kucheka. Wee, mwanaume unachekaje hapo? Spéciose akamwonyesha mlango. Ndipo mwenzetu akachomoa simu haraka, akampigia rafiki yake Eustache na kuweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Eustache, ndugu yangu, nipe mama watoto wako niongee naye. Harusi yangu inakufa."

Ikaja sauti ya mwanamke, watoto wakigombana nyuma yake. Télesphore akamsomea yale maandishi.

"Huyo mke ni mimi, Iteka," akasema. "Na mimba ilikuwa yangu. Nani huyo anayesoma mambo yangu?"

"Ni mimi, dada," alisema Spéciose. "Nisamehe sana."

Télesphore akaeleza sasa. Enzi hizo yeye, Eustache na wenzao wawili walikuwa wanaume wanne chumba kimoja, na kompyuta moja waliyoiokota kando ya barabara. Yeye ndiye aliyejua kujiandikisha barazani, basi wote wakatumia jina lake. Kila aliyelemewa na lake aliketi akaandika.

Spéciose akashika kichwa. Katika utafiti wake wote alikuwa amehesabu kila jina kuwa mtu mmoja. Sura nzima ya tasnifu ilikuwa imebomoka, na msichana wa watu analia kwa furaha, moyo mweupe. Afadhali sura ibomoke, ndoa isimame.

"Nimekuhukumu bila kukuuliza," alisema.

"Uliniuliza. Ila hukungoja jibu."

Spéciose akacheka katikati ya machozi, akasogea karibu naye.

"Na wewe uliandika lipi?"

Télesphore akatafuta kwa aibu, mpaka akafikia mstari mmoja mfupi wa mtu aliyetamani kisamvu cha kwao: "Ndugu zangu, Toronto hii sombe inapatikana wapi?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyemjibu.

Spéciose akafuta machozi, akafungua baraza, akaandika chini yake: "Parkdale. Kwa mke wako."