Nyumba Iliyokuwa Macho

Umeme ulikatika soko la simu likiwa limefurika, na ukumbi mzima ukaguna kwa pamoja. Mafundi waliacha kazi mikononi, wateja wakawasha tochi. Aliyetulia ni mwanamke mmoja tu, mwenye gauni la buluu lililopigwa pasi mpaka kwenye mikono. Alichungulia simu yake, akasema kama anayejisemea, "Unarudi sasa hivi."

Ukarudi.

"Dada, wewe mganga?" aliuliza mwanamume aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Shati lake jeupe lilikuwa na alama ya mkanda wa gari kifuani.

"Nafanya kazi shirika la umeme."

"Kumbe ndiye unayetuzimia."

"Ndiye ninayekuwashia. Laini ikipata hitilafu, vihisi tulivyofunga kwenye nguzo vinatuambia ni wapi, umeme tunaupitisha njia nyingine. Zamani mngekaa gizani mpaka kesho."

"Basi nipe namba, Bibi Umeme. Mtu kama wewe hapotezwi hivihivi."

Alimpa, akajishangaa. Kazini alishinda peke yake mbele ya skrini, akitazama mitaa mizima ikipika, ikipiga pasi na kulala; jioni akarudi kwenye chumba chenye sufuria moja na kikombe kimoja. Alijua mji unafanya nini saa zote, na mjini hapakuwa na mtu wa kujua yeye anafanya nini. Upweke ulikuwa umemzoea, naye akaanza kuuzoea.

Mwanamume alikuwa mwalimu wa udereva. Kila mwanafunzi akishuka, alimpigia simu Bibi Umeme.

"Umeamkaje, mpenzi?"

"Salama. Leo hawajakugonga?"

"Aliyenigonga ni wewe, siku ile sokoni. Sijapona mpaka leo."

Bibi Umeme alicheka mpaka wenzake wa upande wa pili wa kioo wakageuka. Jambo moja tu lilimkereketa. Mwalimu alisema anaishi peke yake, lakini kila akidokezewa habari ya kutembelewa, alikimbilia mazungumzo mengine.

Asubuhi moja transfoma ya mtaa wa Mwalimu ilionyesha joto la kupita kiasi. Bibi Umeme alipitia mita za mtaa ule kutafuta mzigo unakotoka, akaupata upesi: karakana ya kuchomelea vyuma. Kazi iliishia hapo. Lakini namba ya mita ya Mwalimu alikuwa nayo kwenye simu, tangu siku alipomnunulia umeme, akaiandika kwenye skrini. Hakuna aliyemtuma.

Nyumba ya mtu mmoja aliyeko kazini hulala, friji tu ndiyo hukoroma. Hii ilikuwa macho kutwa, siku zote za kazi. Kwa uzoefu wake aliisoma kama gazeti: taa, feni, televisheni. Kuna mwanamke humo ndani, akasema moyoni. Kuuliza si ujinga, lakini wivu hauna subira. Akaacha kupokea simu. Mwalimu alipiga mpaka mwisho akapokelewa.

"Nimekukosea nini?"

"Msalimie mkeo."

"Mke yupi?"

"Anayeshinda na feni na televisheni wewe ukiwa kazini."

"Nani amekuambia kuna televisheni?"

"Mita yako."

"Njoo," akasema. "Njoo leo hii, uone kwa macho."

Sebuleni mtangazaji alikuwa akisoma habari mbele ya viti vitupu. Feni ilizunguka, taa ziliwaka mchana kweupe. Mwalimu alimpitisha chumba kwa chumba. Hapakuwa na kiatu cha kike wala kitana.

"Tangu dada yangu aolewe akahama hapa, siwezi kufungua mlango nikakuta kimya," alisema bila kumtazama. "Kuna siku nililala garini. Mtu mzima anaiogopa nyumba yake, utamwambia nani?"

"Ungeniambia mimi."

"Na wewe ungeniuliza mimi."

Bibi Umeme alimwomba radhi, machozi yakimtoka.

"Nimekusamehe," Mwalimu alisema. "Ila sasa kila nikiwasha taa nitajiona natazamwa. Hata ukiapa, nitajuaje?"

Hakuwa na kiapo cha kutosha. Siku iliyofuata alimweleza mkuu wake, mama asiyependa maneno mengi, kwamba amechungulia nyumba ya mtu kwa mambo yake mwenyewe. Alikaripiwa, akaondolewa kwenye mita za majumbani, akahamishiwa kituo cha nje ya mji, kwenye njia kuu za umeme. Huko vihisi vilimpa habari za upepo, joto la nyaya na matawi yaliyoziegemea. Habari za watu hakuna. Alimkumbuka Mwalimu mpaka chakula kikamshinda. Kupiga simu aliona haya.

Jioni moja simu ikaita.

"Unaniona?" aliuliza Mwalimu.

"Sikuoni. Uwezo huo sina tena."

"Najua. Nilikwenda kukutafuta ofisini, wakaniambia ulijisema mwenyewe." Akakohoa kidogo. "Sasa habari zangu utazijuaje?"

"Sitazijua."

"Utazijua. Uliza."

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Nimekaa sebuleni."

Lililobaki ndilo alilopaswa kuliuliza tangu mwanzo.

"Uko na nani?"

"Niko na wewe," akasema Mwalimu.