Mgeni Darasani kwa Maulida

Soko la Bukoba lilikuwa limefurika, na Evodia, ndani ya gauni la kitenge cha njano, alikuwa akichagua kahawa ya kutafuna punje moja moja.

"Waitu mwalimu, utamaliza lini?" muuzaji alicheka, akimwita kwa heshima ya Kihaya. "Zote zinatafunika!"

"Sitafuni. Nafundishia hesabu. Wanafunzi wangu wana usonji. Punje zisipolingana, wanakataa kuhesabu."

Gozbert, kijana wa Ijumbi, wilayani Muleba, mwenye shati lililonyooshwa kama la harusi, akainama kumsaidia. Moyo hauombi ruhusa. Kufikia Pasaka walikuwa wakiitana mpenzi, na simu ziliisha chaji kabla ya maneno.

Siku moja Gozbert akamfuata Evodia shuleni kwake, Kahororo, bila kumwambia. Maulida, msichana aliyeogopa wageni, alikuwa amepanga kahawa zake mezani. Kwa Wahaya, kahawa iliyo mbele ya mgeni ni makaribisho, na kuikataa ni dharau. Gozbert akachukua punje, akashukuru, akatafuna.

Maulida akapiga yowe, akaanza kujigonga kichwa mezani.

"Toka! Toka nje, Gozbert!" Evodia alifoka, viganja vyake vikikinga kichwa cha mtoto.

Gozbert alitoka na aibu yake mbele ya walimu wote, akarudi Muleba, akazima simu. Mkaidi yule! Jioni aliketi peke yake migombani, akimkumbuka Evodia mpaka ndizi zikapoa sahanini. Bukoba nako Evodia alipiga simu isiyopatikana, akalala na machozi.

Siku Gozbert alipoiwasha simu, iliita papo hapo.

"Ulinifukuza kama mbwa, Evo."

"Nilikuwa nimemshika mtoto anayejiumiza. Ningekubembeleza kwa mkono upi?"

Gozbert aliibana simu sikioni.

"Nimekukumbuka mpaka naumwa," Evodia alisema. "Njoo Jumatatu. Picha yako nimeibandika ukutani, kwenye ratiba ya watoto. Maulida akijua nani anakuja, haogopi."

Jumatatu Gozbert alisimama mlangoni, akasubiri. Maulida akamtazama, akatazama ukutani, kisha akaendelea kuhesabu.

"Umeshakaribishwa," Evodia alinong'ona, machozi yakimlengalenga.

"Na kwako je, mpenzi? Nilikukumbuka sana. Kwenye ratiba yako nipo siku gani?"

"Jumamosi, Izimbya, kwa baba yangu. Njoo na mshenga. Mzee naye hapendi kushtukizwa, kwa hiyo nimeshamwambia mnakuja."