Shati la Ijumaa

Ijumaa ile soko la Nyasubi, Kahama, lilichemka. Wachimbaji wa dhahabu walikuwa wameshuka na hela zao, huyu anataka jinzi, yule redio, na Rebeka muuza mashati ya mtumba ndiyo kwanza anakunja turubai! Wenzake walishamzoea. Alikuwa Msabato wa kuzaliwa, na Ijumaa jua likianza kushuka, Rebeka anafunga biashara. Sabato inaingia.

"Dada, nipe lile la bluu."

Akageuka. Kijana mrefu, buti zimejaa vumbi la mawe, suruali imepauka magotini, lakini macho yake yanachekacheka.

"Nimeshafunga, kaka. Njoo Jumapili."

"Jumapili ndiyo nataka kulivaa kanisani!"

"Basi Mungu atakupokea na vumbi lako hivyo hivyo."

"Nakupa bei mara mbili."

"Hata unipe mgodi mzima. Huoni jua linazama?"

Kijana akashangaa. Mtu wa Kahama anakataa hela, tena kwa ajili ya Mungu! Akambebea robota la mashati mpaka stoo, akaomba namba ya simu, akanyimwa, akaomba tena. Aliitwa Sostenes, mchimbaji huko Geita, Mkatoliki, kwao Ushirombo. Jumapili mchana alirudi, akapata shati na namba akaipata.

Basi simu zikaanza.

"Haloo, Mama Sabato."

"Abee, mzee wa vumbi. Umetoka shimoni?"

"Sasa hivi. Hata uso sijanawa, nimekimbilia simu."

"Kanawe, bwana! Usije ukanibusu na udongo."

"Kumbe unataka nikubusu?"

Rebeka akakata simu, akacheka peke yake mpaka Ritha, jirani yake wa meza, akamuuliza kama ana homa.

Mwaka haukuisha, Sostenes akataka ndoa. Hapo mambo yakaanza kuchacha, kwa sababu mama yake aliapa kwamba hakanyagi harusi isiyofungwa kwenye parokia yao Ushirombo.

"Rebe, si ni kusema ndiyo tu?" Sostenes alimbembeleza. "Ukishavaa pete, sali siku unayotaka."

"Mungu hadanganywi hivyo, Sosi. Nikiingia huko niingie kweli. Niache nijifunze kwanza, nijue."

Na akajifunza kweli. Mafundisho yalikuwa Jumamosi, siku yake ya Sabato, naye akapanda basi kwenda Ushirombo hivyo hivyo. Alimsumbua mzee Valerian, katekista, kwa maswali. Nani alihamisha siku ya Bwana? Mkate unakuwaje mwili? Mengine mzee aliyajibu. Mengine alisema, "Hilo naliamini tu, mwanangu. Kulieleza siwezi." Rebeka alimpenda kwa hilo.

Mama yake Rebeka aliposikia, alipiga simu.

"Unahamia dini ya mwanamume?"

"Sihamii mwanamume, mayu. Natafuta ukweli."

"Ukweli gani huo wenye ndevu na buti za mgodini?"

Tangu siku hiyo mama hakupokea tena simu zake. Rebeka akarudisha sare ya kwaya kanisani kwao, akalia njia nzima.

Unadhani Sostenes alimwelewa? Wapi! "Kila wiki maswali, maswali. Sema tu hunitaki!" Akazima simu wiki nzima. Kisha akaja mwenyewe sokoni na kitenge cha waksi begani, kapiga magoti kwenye matope mbele ya wateja, na Rebeka angefanya nini? Akacheka, akamwinua.

Ndoa ikatangazwa kanisani Jumapili ya kwanza, ikatangazwa ya pili. Rebeka alikaa kando ya mama mkwe, gauni jeupe la lesi, kilemba cha rangi ya zambarau. Alikuwa ameanza kuamini. Siyo yote, lakini hicho kidogo kilikuwa chake mwenyewe.

Jumamosi kabla ya tangazo la tatu, Sostenes alifika kwao Ushirombo akitoka machimboni, akamkuta Rebeka, akavua shati uani anawe. Kifuani alikuwa na chale mbichi, dawa nyeusi bado haijakauka.

"Nini hicho, Sosi?"

"Aa, hizi? Dhahabu imegoma. Mwenye shimo kaleta mganga, tumechanjwa wote."

"Na wewe ukakubali?"

"Ningekataa ningefukuzwa! Ningekuoa na nini? Mungu anaujua moyo wangu."

Rebeka alimtazama.

"Nimemwacha mama yangu nimfuate Mungu wako. Kumbe wewe mwenyewe humtegemei."

"Unakuza mambo. Mimi nakupenda."

"Najua," alisema Rebeka, na ndicho kilichomuuma zaidi.

Kesho yake padri akasoma majina yao mara ya tatu, akauliza kama kuna anayejua kizuizi. Rebeka akasimama.

"Kipo, Padri. Ni mimi."

"Kaa chini, unatuaibisha!" mama mkwe akamvuta gauni.

Hakukaa. "Huyu bwana nampenda. Lakini nikiapa hapa, nitakuwa naapa peke yangu."

Akatoka. Sostenes, ndani ya shati lake la bluu, hakumfuata. Watu walikuwa wanamtazama. Wanaume bwana!

Miezi ikapita. Ijumaa moja Sostenes alipita Nyasubi, jua limeshazama, akaona taa inawaka kwenye meza ya Rebeka. Alikuwa anauza.

"Rebe. Mbona hujafunga?"

"Sifungi siku hizi."

"Si ulirudi kwa mama?"

"Nilirudi, akanipokea. Nikaenda kanisani kwetu, nikakaa benchi la nyuma, nyimbo zangu mwenyewe nikashindwa kuziimba. Na kwenu siwezi kurudi. Naomba bado, Sosi, kila siku. Sijui kama kuna anayenisikia."

"Siku ile uliponikatalia shati ndiyo nilikupenda."

"Najua. Leo unataka lipi?"

Hakuwa na haja ya shati. Akanyoosha kidole kwenye jeupe. Rebeka akalikunja, akampa, akageukia mteja mwingine.