Noti Kwenye Paji la Uso

Sokoni Merkato siku hiyo palikuwa hapapitiki kwa watu na matope. Msichana mwenye gauni jeupe lililotariziwa kijani shingoni alikuwa akimsifu muuza vitambaa aliyemtajia bei ya kuruka.

"Bei yako imejaa huruma, baba. Maskini wote wa Addis watakuombea."

Muuzaji akashukuru kwa unyenyekevu. Dagim, fundi bomba aliyekuwa akipita na mzigo begani, akaangua kicheko peke yake.

"Wewe umesikia," msichana akamwambia.

"Mimi nimesikia. Yeye atasikia akishafika nyumbani."

Ndivyo Dagim alivyompata msichana huyo, Tsige. Tsige alikuwa azmari. Kila jioni aliimba kwenye nyumba ya pombe ya asali, mwenzake akipiga zeze, naye akiwasifu wageni mpaka sifa inageuka kejeli. Aliyefurahi alimbandika noti kwenye paji la uso. Tena mgeni yeyote aliweza kumrushia ubeti, naye sharti auimbe kama ulivyo. Ndiyo mila.

Kisha mtaa wa kina Dagim ukabomolewa, na mama yake, Aster, akahamia jikoni kwa dada yake. Jumamosi ya wiki hiyo Tsige alisimama mbele ya Bwana Kassahun, mkandarasi aliyeubomoa, akaimba:

"Asante bwana wetu, umetupa paa la mbingu,
halivuji asilani, ila siku za mvua tu."

Kassahun alicheka mpaka machozi, akambandika noti. Dagim akatoka bila kuaga.

"Mpenzi, mbona hupokei simu?" Tsige aliuliza alipompata kesho yake.

"Unawachekesha watu kwa kilio cha mama yangu."

"Nimemtukana mbele ya watu, Dagim."

"Tusi gani hilo linalotunzwa?"

Dagim akaondoka, akitamani Tsige angemkanusha. Alishinda wiki nzima akigombana na mabomba ya watu.

Jumamosi akarudi. Kassahun alikuwa palepale, shati limepigwa pasi, tumbo limepumzika mezani. Dagim akasimama, akarusha ubeti usio na sifa wala fumbo:

"Mlango wa mama Aster ulikuwa wa buluu,
Kassahun kauvunja, mama analala jikoni."

Tsige akauimba kama ulivyo. Kassahun akacheka kuliko siku zote.

"Hawa watoto wana vituko," akasema, akainuka, akambandika Tsige noti.

Dagim akaketi. Hata ukweli mtupu, kwa mtu huyu, ulikuwa burudani.

Tsige aliibandua ile noti polepole, akaibandika kwenye paji la uso la Kassahun mwenyewe.

"Umetuchekesha sana, bwana. Na wewe utunzwe."

Zeze likanyamaza. Safari hii hakucheka mtu. Mwenye nyumba akamwonyesha Tsige mlango.

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Dagim akamfuata, wakajibanza chini ya ukingo wa paa.

"Nisamehe," Dagim akasema. "Nimekukosesha kazi, na yeye kesho atabomoa kama kawaida."

"Atabomoa." Tsige alijifunika shuka lake jeupe kichwani. "Basi nioe. Utapata mke asiye na kazi, umpeleke kwa mama mkwe asiye na nyumba. Mji mzima utakuonea wivu."

Dagim akacheka, kama siku ile ya Merkato. Halafu akaona Tsige hacheki.

"Nakuoa," akasema.