Nusu Saa ya Bibi

Kila Jumamosi asubuhi, Mama akiwa ameshakwenda kwenye zamu yake ya kuoka mikate, Uzi ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba. Jina hilo alipewa na Bibi, aliyekuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, kwa sababu msichana mwenyewe alikuwa mrefu, mwembamba, tena hakai mahali pamoja. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alifagia, akachemsha maji ya chai, kisha ilipofika saa moja na nusu akamwamsha Bibi. Mapema zaidi ya hapo mgongo wa Bibi haukukubali kunyooka.

Mwaka uliotangulia Bibi alivunjika kifundo cha mkono kwa kuinua ndoo ya maji, tena haikuwa hata imejaa. Picha za eksirei zikaonyesha kwamba mifupa yake ilikuwa imepungua uzito na kudhoofika, na pingili mbili za mgongo zilikuwa zimeshabonyea. Tangu hapo cherehani ilifunikwa shuka, na Bibi akawa mtu wa kiti na kitanda. Vidonge vya kalsiamu na vitamini D alivimeza kila siku baada ya chakula, na hivyo havikuwa na maneno. Kidonge cha kuimarisha mifupa ndicho kilichokuwa na mambo yake. Kilimezwa mara moja tu kwa wiki, kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu. Baada ya hapo mgonjwa alitakiwa akae wima nusu saa kamili, asilale, asile, wala asinywe hata chai.

"Kidonge kimoja kina masharti kumshinda mwenye nyumba," Bibi alizoea kulalamika.

Bibi alikaa kwenye kiti akitazama dirishani. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma yake, na shingo yake haikugeuka vizuri, kwa hiyo Uzi alikaa kwenye kigoda kumwangalizia muda. Hakuweza kutoka, maana Bibi asingefika kitandani bila kushikwa mkono. Chumba kilikuwa na dirisha moja, kitanda, cherehani iliyofunikwa, na saa isiyo na haraka. Uzi alijihisi kama na yeye amefunikwa shuka.

Mambo yaliharibika pale mazoezi ya mpira wa pete yalipohamishiwa Jumamosi, saa mbili kamili. Nahodha wa timu, msichana wa darasa la saba mwenye sauti ya king'ora, hakuficha kitu.

"Uzi, atakayechelewa mara mbili hachezi mechi. Nakwambia mapema, usije ukanililia."

"Lakini nina kazi nyumbani."

"Nani hana kazi nyumbani?"

Shule ilikuwa mwendo wa robo saa. Angeweza kumwambia Mama. Lakini Mama alikuwa akirudi kutoka kazini hoi, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi, na Uzi akaona haya kusema kwamba nusu saa ya Bibi inamshinda.

Jumamosi ile Bibi alimeza kidonge chake kama kawaida. Ilipofika dakika ya saba, Uzi akapanda kigoda bila kelele. Kioo cha saa kilivunjika zamani, mishale ilikuwa wazi. Akausukuma mshale mkubwa kwa kidole mpaka ikasoma saa mbili.

"Bibi, tayari."

"Ee! Leo imekimbia," Bibi alisema, akainuka kwa kumshika mkono. Alipopita mbele ya saa aliinua macho, akaridhika. Akajilaza na kushusha pumzi ndefu. Uzi akamwekea chai na mkate kando ya kitanda, akaurudisha mshale mahali pake, akatoka mbio.

Alikusudia iwe mara moja tu. Jumamosi ya pili alijiambia hivyo hivyo. Ya tatu hakujiambia chochote, kidole kilikwenda chenyewe. Siku moja alisahau kuurudisha mshale, na Mama alipofika akaitazama saa, kisha akatazama simu yake.

"Saa hii nayo imeanza kuzeeka," alisema, akaenda kununua betri mpya. Uzi alisimama akimwangalia anavyoitia.

Tena sifa ndizo zilizomtesa kuliko yote. "Mimi nina mjukuu bwana," Bibi alimwambia jirani wa mlango wa pili. "Akinikalia saa, hata dakika moja haipotei." Kila sifa ilikuwa kama mlango unaofungwa mbele ya Uzi. Angeanzia wapi kusema sasa?

Wiki ya tano Bibi alianza kujishika kifua. Alisema mkate unakwama na chai inamchoma. Mchana mmoja Uzi alimwona akitafuna kipande kidogo, kisha akakitema kwenye leso kwa siri ili asiwatie watu wasiwasi. Uzi aliogopa sana. Siku dawa ilipotolewa na yeye alikuwepo, na alikumbuka vizuri alivyosema daktari: mgonjwa akilala mapema, kidonge kinaweza kurudi juu na kuunguza njia ya chakula.

Jumatatu alasiri walikwenda hospitali wote watatu. Daktari, mama wa makamo aliyening'iniza miwani kwa kamba, alimpima Bibi, akasikiliza, akauliza, "Masharti ya kidonge mnayafuata?"

"Yote, daktari," Mama alijibu. "Mjukuu wake ndiye anayemkalia saa. Hakosei."

Bibi akaweka kiganja chake kwenye goti la Uzi.

"Basi dawa hii haipatani naye," daktari alisema. "Itabidi niifute. Ipo nyingine ya sindano, lakini inatolewa hospitali kubwa tu, na foleni yake ni miezi."

"Na hiyo miezi tufanyeje?"

"Ajihadhari asianguke. Nyonga ikivunjika na mifupa ikiwa hivi, huenda asitembee tena."

Daktari akashika kalamu. Uzi aliutazama mlango. Ulikuwa umefungwa, na nje yake mtu alikuwa akikohoa. Akinyamaza, hakuna atakayejua maisha yake yote, ila Bibi atabaki bila dawa. Akisema, Bibi hatamwita tena mjukuu asiyekosea.

"Usiandike," alisema.

Wote wakamgeukia.

"Haikuwa nusu saa. Zilikuwa dakika saba. Nilikuwa nasogeza mshale."

"Mshale gani?" Mama aliuliza.

"Wa saa. Ili niwahi mazoezi. Mara tano." Kisha akaangua kilio.

"Na mimi nikanunua betri!" Mama alisema, na sauti yake haikuwa na kicheko hata kidogo. Bibi aliondoa kiganja chake gotini pa Uzi, na hilo lilimuuma kuliko kofi.

Daktari akaiweka kalamu chini. "Kumbe kosa si la dawa," alisema. Alimwandikia Bibi dawa ya kuponya kifua, akaagiza kidonge cha wiki kisimame mpaka apone kabisa, kalsiamu na vitamini ziendelee, halafu kianze tena chini ya uangalizi wake.

"Ni lazima kiwe cha Jumamosi?" Mama aliuliza.

"Siku yoyote, mradi iwe ileile kila wiki."

"Jumapili mimi nipo nyumbani," Mama alisema polepole, akimtazama binti yake. "Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

Wiki tano Uzi alikuwa kifungoni, na mlango ulikuwa wazi muda wote.

Jioni ile Bibi alimwita chumbani.

"Nimeshona miaka arobaini," alisema. "Vitambaa vya watu nimevikata vibaya, si mara moja. Nilipomwambia mwenyewe mapema, tulipata njia: gauni likawa sketi, tukacheka, yakaisha. Siku niliyoficha, niliunga, nikaunga tena, na nguo ikampasukia mwenyewe mbele ya wageni. Wewe ulikuwa na shida ndogo, mjukuu wangu. Ungeisema ingali ndogo, ingekuwa ni kuchagua siku nyingine tu. Uliificha, ikanila mimi kifua. Shida iseme mapema, na kosa likiri mapema."

"Nimechelewa, Bibi. Nisamehe."

"Umechelewa, ila umesema kabla nguo haijapasuka. Nimekusamehe. Lakini kukuamini, hilo nalo lina nusu saa yake."

Wiki kadhaa zilipita, kifua kikapona, daktari akaruhusu. Jumapili ya kwanza Mama alijitolea kukaa na Bibi, lakini Uzi akaomba kigoda chake. Bibi alimeza kidonge kwa glasi nzima ya maji, akatazama dirishani. Mgongo ulianza kumuuma, akajinyoosha kidogo.

"Bado kiasi gani?" aliuliza.

Uzi akaitazama saa. "Dakika kumi na moja, Bibi."

Bibi alianza kugeuza shingo yake ngumu kuelekea ukutani. Katikati akasita, akairudisha dirishani.

"Haya," alisema. "Tungoje."