Amri Iliyolala Kwenye Rafu ya Wafu

Mama Uzi aliamka, akachota maji, akawasha moto, akaketi kwenye cherehani. Kwa mtu aliyefariki miezi minane iliyopita, alikuwa na kazi nyingi.

Ndivyo daftari la ofisi ya usajili lilivyosema: amefariki. Karani alikosea tarakimu moja ya kitambulisho, akamzika mzima. Hospitali nayo ikamfuta kwenye orodha ya kupasuliwa macho. Ukungu mweupe ulikuwa umefunika jicho la kulia, sasa ulianza la kushoto. Fundi asiyeona tundu la sindano atakula nini?

"Marehemu, chai iko wapi?" mumewe alitania.

"Jimiminie. Wafu hatuhudumii watu."

Walicheka. Mama mkwe hakucheka. Siku hizi alikuwa akimtazama Mama Uzi miguu, kama kweli inagusa chini.

Mahakama ilishaamuru: mkuu wa usajili amrudishe kwenye daftari la walio hai ndani ya siku kumi na nne. Miezi mitatu ikapita. Kila Jumatatu Mama Uzi alipeleka nakala ya amri. Karani aliipokea kimya, akaingia chumba cha nyuma, akarudi mikono mitupu. Hakumtazama usoni hata siku moja. Foleni nayo ilimkwepa, hatua mbili mbele, hatua mbili nyuma.

Akaenda kwa jirani, Mzee Muhuri, karani mstaafu wa mahakama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hiyo amri ulimpa nani?"

"Karani wa dirishani."

"Alisaini kwamba amepokea?"

"Niliona haya kumwambia. Angedhani simwamini."

Mzee akaguna. "Haya hiyo imekuzika mara ya pili. Karatasi ya mtu huwekwa kwenye jalada lake. Lako liko wapi?"

"Kwa wafu."

"Na majalada ya wafu hayafunguliwi. Amri zako zimelala humo. Sasa rudi mahakamani. Omba nakala yenye onyo kwamba asiyetii anaweza kufungwa. Mpeleka hati wa mahakama amkabidhi mkuu mwenyewe, mkono kwa mkono, kisha aape kwa maandishi kwamba amemkabidhi. Muda ukipita, omba mkuu aitwe, ajieleze kwa nini asiadhibiwe kwa kuidharau mahakama."

"Mzee, mimi nipambane na ofisi nzima?"

"Ofisi haina mikono ya kutiwa pingu. Mtu anayo. Taja jina lake na cheo chake."

Mkuu alikabidhiwa hati, akaisukuma pembeni ya meza. Muda ulipopita, akaitwa mahakamani.

"Amri sikuiona," alisema.

Jaji akamsomea kiapo cha mpeleka hati: siku, saa, hata rangi ya tai aliyovaa. Mkuu akafuta jasho.

"Mwanamke yule pale," jaji akauliza, "yu hai?"

Mkuu alimtazama Mama Uzi kwa muda mrefu. "Yu hai, Mheshimiwa."

"Nakupa siku tatu. Usipotii, utakwenda jela wewe, si ofisi yako."

Siku ya pili jina lilirudi daftarini. Mwezi haukwisha, macho yakapasuliwa.

Alipokwenda kuchukua kitambulisho kipya kutoka kwa mkuu mwenyewe, mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Rafu za wafu zilifika darini. Sasa aliona vizuri. Majalada mengi yalikuwa yamevimba, na barua nyeupe, mpya kabisa, zilichungulia pembeni.

"Mkuu," alisema polepole, "hawa wafu wanaowaandikia ninyi barua kila siku ni nani?"

Mkuu akakunja mikono ya shati, akamwambia karani alete ngazi.