Mtutu wa Chini

Haya yalimpata Harlan, rafiki yangu wa huku Texas, aliyefiwa na mkewe Verlene mwezi Februari. Walikuwa na kibastola kimoja cha mfukoni, cha mitutu miwili, na kila Jumamosi walikwenda nacho korongoni kulenga makopo. Harlan alipiga kwa mtutu wa juu, kisha akampa mkewe apige kwa wa chini.

"Lete hapa, mzee," Verlene alizoea kumtania, "kabla hujaua ng'ombe wa watu!"

Jumamosi moja baada ya mazishi, dada yake Verlene alimsihi Harlan, "Kiuze, shemeji. Kinakutesa bure."

"Acha nikakiage kwanza."

Huko korongoni alitia risasi moja tu, katika mtutu wa juu. Akapiga, akalikosa kopo. Kwa mazoea akakinyoosha kibastola kushoto, kama anayempa mtu. Alipokumbuka, machozi yakamlengalenga. Ndipo mwangwi wa mlio ukamfikia, umechelewa, na kopo likaanguka.

Akakifungua. Ganda la risasi la juu lilikuwa limeshapoa. Chini, alikoacha tundu tupu lenye giza, kulikuwa na ganda la pili. Akalichomoa kwa kucha.

Lilikuwa bado la moto.